Kipupwe Kimebisha Hodi: Jiko la Mkaa Si Blanketi!

Kama unanisoma ukiwa Dar es Salaam, feni inakuzungukia kichwani na jasho linakutiririka, leo una ruhusa ya kuruka safu hii uende moja kwa moja kwenye nyota zako. Leo naongea na wenzangu wa Shinyanga, Kahama na Geita, sisi ambao mchana tunatembea na mwavuli wa jua halafu usiku tunalala na soksi.

Najua watu wa Makete na Mbeya wananicheka. Watasema baridi ya Shinyanga ni baridi gani, njoo kwetu uone maji yanavyoganda. Sawa, nimekubali, nyie ndio wenyewe. Lakini ninyi baridi mnaijua, nyumba zenu zimejengwa kwa baridi na blanketi zito mnalo tangu mnazaliwa. Sisi huku baridi inatukuta na shuka moja. Na ndiyo maana inatuua, na sisemi hivyo kwa kukutisha.

Tuanze na kwa nini usiku kunakuwa vile. Watu wengi hudhani kwa kuwa kwetu ni ukame na jua kali, basi hakuna baridi. Wapi! Sisi tuko juu. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, sasa piga hesabu sisi tunaokaa juu ya ziwa. Halafu kuanzia Juni mpaka Agosti mvua hakuna, mawingu hakuna, anga jeupe kama sahani iliyooshwa. Mchana jua linapiga hadi nyuzi 30 na ardhi inapokea joto lote lile, lakini jua likizama hakuna wingu la kulifunika joto lisitoroke. Linapaa zake juu. Ikifika saa kumi na moja alfajiri kipimo kimeshuka mpaka nyuzi 15 hivi. Yaani katika masaa machache nusu ya joto la mchana imeyeyuka. Wenzetu wa Geita walio jirani na ziwa wana nafuu kidogo, maana maji yanatunza joto. Sisi wa Shinyanga na Kishapu tunaipata yote.

Ongeza na upepo. Wazee watakwambia zamani upepo haukuwa hivi, na sidhani kama wanatunga. Miti ya Shinyanga ilifyekwa kufukuza mbung'o, ikafyekwa tena kupanua mashamba ya pamba, ikafyekwa ya kupikia, mpaka nchi ikabaki kama uwanja wa mpira. Mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 ukaenda hadi 2004 uliwarudisha watu kwenye ngitili, yale malisho ya akiba ambayo Wasukuma waliyatunza tangu enzi, na mamia ya maelfu ya hekta yakaota tena miti. Lakini ngitili iko kijijini. Mjini kwangu upepo wa kipupwe unaingia bila hodi.

Sasa chumba changu. Nimepanga kwenye nyumba ya zamani mjini Shinyanga, si mbali na soko, ile ya kizamani yenye kuta nene kama za boma na paa la bati lililoshika kutu mpaka limekuwa la rangi ya ugoro. Inasemekana aliijenga mfanyabiashara wa pamba enzi za mkoloni. Aliyeijenga alikuwa anakimbia joto, si baridi. Kwa hiyo paa liko juu kweli kweli, na karibu na paa kuna mistari ya matofali ya matundu ili upepo uingie huku utokee kule. Dari lilikuwepo zamani, mchwa wamelila wamebakiza misumari. Mlango chini una mwanya wa kupitisha paka, na paka wa jirani kwa taarifa yako anaupitia. Bei yake ndiyo iliyonivuta. Dada yenu ni mwandishi wa kujitegemea, na kujitegemea maana yake unaijua.

Bati ni adui mkubwa usiku. Mchana linakukaanga, usiku linapoa haraka kuliko kitu chochote ndani ya nyumba, na kama hakuna dari basi joto lako wewe uliyelala pale kitandani linapanda juu, linakuta bati, linakwenda zake. Kuna alfajiri bati linatoa jasho na tone linakuangukia kwenye paji la uso. Usiombe.

Julai ya mwaka juzi dada yangu mkubwa aliletwa kwangu kujifungua. Yeye ameolewa, wanaishi Nyarugusu huko Geita, mumewe ni mchimbaji mdogo. Dada alikuwa na presha ya ujauzito, wakaona asogee mjini jirani na hospitali. Akaja na mama mkwe wake kutoka Kishapu, mama mtu mzima, Msukuma wa kweli kweli, ambaye akikwambia "mwangaluka" asubuhi unaona kabisa umeamka. Mtoto akazaliwa salama, wa kike. Siku ya pili wakaruhusiwa, na wote wanne tukabanana kwenye kile chumba changu.

Usiku wa kwanza mama alikaa macho akimtazama mjukuu. Asubuhi akaniambia, "Mwanangu, hapa si ndani, hapa ni barabarani. Mtoto atakufa na baridi."

Nikaona aibu, nikakunja mikono. Nilikwenda sokoni nikanunua viroba vitupu vya sandarusi, nikavishona pamoja, fundi mmoja akanisaidia kuvigongelea kwenye mbao kama dari. Yale matofali ya matundu nikayaziba yote kwa matambara na maboksi. Chini ya mlango nikaweka gunia lililokunjwa. Dirishani nikapigilia nailoni. Nilipomaliza chumba kilikuwa kimya kama mtungi. Nilijisifu, nakuambia.

Na jioni mama akaingiza jiko la mkaa.

Sikukataa. Nani atamkatalia mama mkwe wa dada yake, tena aliyezaa tisa? Na desturi ni desturi: mzazi hukandwa kwa maji ya moto na hukaa karibu na moto. Mama alikuwa makini pia. Alisubiri mkaa uive nje mpaka ukawa mwekundu wote, bila moshi, ndipo akauingiza. Pembeni akaweka bakuli la maji "ya kunyonya sumu". Tukalala vizuri kweli. Asubuhi dada akalalamika kichwa kinamgonga na kichefuchefu. Mimi pia kichwa kilikuwa kizito. Tukasema malaria hiyo, maana huku kwetu kila kichwa ni malaria. Tukanywa panadoli, mchana tukiwa uani vichwa vikapona vyenyewe, na hakuna aliyejiuliza malaria gani inayopona ukitoka nje na kurudi ukiingia kulala.

Usiku wa tatu wa jiko lile, shemeji alikuwa njiani kuja kumuona mwanawe. Alidandia lori Kahama, akafika kwangu kama saa saba usiku. Akabisha. Mimi nilimsikia. Hapo ndipo panaponitisha mpaka leo, kwamba nilimsikia vizuri kabisa, nikajua ni shemeji, nikataka kuinuka, na miguu ikakataa. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nilikuwa na usingizi mtamu ambao sijawahi kuupata. Nikajisemea atabisha tena.

Alibisha tena, akaita, halafu akapiga mlango teke mpaka komeo likang'oka. Baba mwenye nyumba akatoka na panga akijua ni wezi. Kilichofuata nakumbuka vipande vipande: shemeji anapiga kelele "Tokeni nje! Tokeni nje wote!", mtoto anapita mbele yangu kwenye mikono yake akiwa amelegea kama kitambaa, mimi navutwa mguu kwenye sakafu. Tukalazwa uani, kwenye baridi ileile tuliyokuwa tunaikimbia. Mtoto hakulia. Shemeji alimshika usoni kwenye upepo, anamsugua mgongo, anamwita. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Alipolia, mama mkwe alikaa chini kabisa, kwenye vumbi.

Tulipelekwa hospitali kwa bajaji, dada na mtoto wakawekewa oksijeni. Wote tulitoka. Namshukuru Mungu, na namshukuru dereva wa lori ambaye hata jina lake simjui.

Kesho yake nilimuuliza shemeji alijuaje. Alikuwa hajasikia harufu yoyote, maana haina harufu. Akanijibu, "Shemeji, mimi hiyo ni jirani yangu. Hiyo ndiyo gesi ya duarani."

Wenzangu wa Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu hapa mtanielewa. Wachimbaji wadogo wakikuta maji kwenye duara huyavuta kwa mashine ya petroli. Mashine ikiwekwa juu, salama. Lakini duara likiwa refu mashine haivuti, basi wengine wanaishusha chini, wanaiwasha hukohuko ndani. Moshi wa injini unajaa kule chini, anayeshuka analegea, mwenzake anashuka kumuokoa naye analegea. Watu hufa wawili, watatu kwa mpigo bila jiwe kuwaangukia. Shemeji amemzika rafiki yake kwa namna hiyo. Alipofungua mlango wangu akakuta joto limetulia, hewa haiendi popote, mkaa mwekundu, na watu wamesikia teke la mlango lakini hawainuki, hakuhitaji kuambiwa.

Gesi yenyewe inaitwa kaboni monoksaidi. Inatoka pale kitu kinapoungua bila hewa ya kutosha, na mkaa ni bingwa wake. Daktari alitueleza hivi: damu ina chembe nyekundu zinazobeba oksijeni kupeleka mwilini. Gesi hii inazing'ang'ania chembe hizo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Yaani ni kama basi limejaa abiria wasiolipa nauli na hawashuki, mwenye haki yake hana pa kukaa. Mwili unakosa oksijeni polepole, kwanza kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kisha viungo vinalegea, kisha usingizi. Wajawazito na watoto wachanga wako kwenye hatari zaidi.

Na yale tuliyoyaamini? Bakuli la maji halinyonyi kitu, labda linapunguza ukavu wa koo. Mkaa kuiva mpaka kukosa moshi hakuusafishi. Moshi ndio unaokufanya ukohoe ufungue dirisha, na mkaa mwekundu usio na moshi unatoa gesi ileile huku hukohoi. Ndiyo maana karibu kila kipupwe unasikia redioni familia imekutwa imelala, mlango umefungwa kwa ndani, jiko liko pembeni. Majirani wanaanza kusema wamerogwa.

Kilichobaki kilikuwa kumwambia mama. Dada aliogopa, shemeji alinyamaza, ikabidi mimi niliyemzidi kila mtu kwa mdomo. Nilimpa shikamoo, nikakaa mkekani, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nimezaa tisa, wote nimewalea kwa moto. Moto haujanilia hata mmoja."

Sikuwa na jibu siku ile. Jibu nilikuja kulipata nilipokwenda kwake Kishapu nikalala kwenye msonge wake wa zamani, ule wa kuhifadhia vitu siku hizi. Usiku nililala chali nikaona nyota mbili kupitia kwenye nyasi. Nyumba ile inapumua! Nyasi za paa zinapitisha hewa, ukuta wa miti na udongo una nyufa, mlango ni mapengo matupu. Moto wa kuni uliwaumiza macho na kifua, hilo halina ubishi, na mama mpaka leo anakohoa, lakini hewa ilikuwa na pa kutokea. Mama alikuwa anasema kweli. Na nyumba yangu ile ya zamani nayo ilikuwa inapumua, kwa yale matofali ya matundu. Ni mimi, kwa mikono yangu na sindano yangu, niliyeiziba pua. Viroba peke yake visingetuua, na jiko kwenye chumba chenye mapengo huenda lingetuumiza vichwa tu, ingawa hapo pia usijaribu. Tuliviweka pamoja.

Basi, nini tunafanya sasa tukisikia baridi?

Dari la viroba lipo palepale na nalisifu, maana ndilo linalozuia joto lisikimbilie kwenye bati. Ukiwa na uwezo weka silingi bodi. Kama huna, sandarusi inatosha, lakini iwe mbali na nyaya za umeme. Matundu ya juu nimefungua mawili, moja kila upande, na hayazibwi tena. Ya upande wa mashariki unakotoka upepo nimeacha kadogo.

Kitu nilichochelewa kugundua ni kwamba zile kuta nene ni mali. Ukuta wa magharibi unapigwa na jua la alasiri mpaka jioni, na kwa unene ule joto linachelewa kutoka. Weka kiganja chako saa tatu usiku utaona bado una uvuguvugu kama tumbo la ng'ombe. Mimi kitanda changu miaka yote kilikuwa chini ya dirisha la mashariki, kwa ajili ya mwanga wa kusomea! Nimekihamisha. Na dirisha nalifungua saa tano asubuhi joto liingie, nalifunga saa kumi na moja jioni kabla jua halijazama. Wengi wetu tunafanya kinyume, tunafunga mchana kukimbia vumbi na jua, tunafungua jioni "hewa iingie", hewa yenyewe inayoingia ni ya barafu.

Godoro usiliweke sakafuni. Saruji inanyonya joto la mwili usiku kucha. Kama kitanda huna, tandika maboksi yaliyokunjuliwa, juu yake mkeka, ndipo godoro. Shuka mbili nyepesi zinashinda moja nzito, maana hewa iliyokaa katikati ndiyo blanketi lenyewe. Neti usiikunje eti kipupwe hakina mbu. Geita na malaria hawajaachana, na neti iliyochomekwa vizuri inapunguza upepo pia.

Maji ya moto kwenye chupa, uifunge kwa kitenge uiweke miguuni, ni raha ya peke yake. Ila chupa ya plastiki ya soda ukimimina maji yanayochemka itajikunja ikuunguze, yaache yapoe kidogo. Kwa mtoto mchanga chupa isimguse kabisa. Yeye dawa yake ni mama yake. Nesi alimwonyesha dada: mtoto avuliwe abaki na nepi, kofia na soksi, alazwe kifuani ngozi kwa ngozi, halafu kitenge na blanketi juu ya wote wawili. Hospitali wanaita huduma ya kangaruu, wanaitumia hata kwa watoto njiti. Na mtoto akizaliwa asiogeshwe mpaka yapite masaa 24.

Kuhusu hita ya umeme sina mengi. Ya wati 2,000 ukiiwasha masaa matano imekula uniti 10. Sisi tunaobanana kwenye uniti 75 za mwezi, LUKU italia kabla hata wiki mbili hazijafika. Na nyumba za zamani nyaya zake ni za zamani. Nilimuuliza fundi, akatazama soketi yangu, akatazama juu kwenye waya uliovishwa kitambaa, akacheka akaondoka.

Na ukiamka kichwa kinauma, na jiko lilikuwa ndani, usianze na panadoli. Toka nje, fungua kila kitu, hesabu watu wote, kisha nenda hospitali useme wazi kwamba mlilala na mkaa. Wasipojua watakupima malaria.

Mwaka huu Juni mama mkwe wa dada alinitembelea akiwa na mjukuu wake, ambaye sasa anakimbia na kuvunja vikombe. Mama aliingia chumbani, akatazama juu kwenye yale matundu mawili, akayahesabu kwa kidole, akatikisa kichwa. Sikujua anakubali au analaumu. Halafu akafungua furushi lake, akatoa shuka mbili zilizoshonwa pamoja na katikati zimeshindiliwa pamba ya shamba lake, mbegu kazitoa mwenyewe kwa mkono. Zito hilo, kama mtoto wa ndama.

Tulilala watatu chini yake. Usiku wa manane nikamsikia anahangaika, nikamuuliza, mama vipi, baridi?

"Baridi wapi," akasema. "Hebu fungua hapo dirishani kidogo, ng'wanone, joto hili litatuua."